Mto wa Rubani Ulikuwa na Mkanda Mmoja

Jumatano ya juma lililopita nilikuwa kwenye mashini yangu, nakata kola za sare za shule, simu ikalia. Alikuwa binti wa yule mzee wa Lilongwe, mpima ardhi mstaafu aliyekuwa akirusha kindege chake cha viti viwili kila mwisho wa juma. "Koko," akaniambia, maana bibi kwetu ni koko, "Papa ametuacha. Alilala mchana, hakuamuka." Nikasema pole, nikasema tena pole, na mkasi ukabaki mkononi kama umeshikwa na mtu mwingine. Ndipo akaongeza neno ambalo tangu saa ile halikuniachia kiti cha kukaa. Alisema mazishi ni Jumamosi, na watu wakishatoka makaburini yeye, naye ni rubani, atapanda ndege ya baba yake, apite juu ya kaburi mara moja, arudi. Watu wa mnara wa kuongozea ndege wa Lilongwe ameshawaomba ruhusa. "Nitakalia ule mto ulimushonea," akasema. "Ingali na harufu yake."

Wasomaji wangu mnanijua, sipendi kuzungusha maneno, kwa hiyo nawaambia sasa hivi shida ilikuwa nini. Ule mto haukuwa umeisha. Mgongo ulikuwa ukimsumbua mzee, akaja kuniomba mto mnene wa kukalia angani, nikamshonea wa kitenge wenye sifongo ndani. Mto wa namna hiyo unafungwa kwenye kiti kwa mikanda miwili, mmoja nyuma, mmoja mbele. Usipofungwa mbele unateleza, na ukiteleza unakwenda kuziba ile fimbo ya kuongozea iliyo katikati ya magoti ya rubani. Fimbo ikikwama, ndege haisikii tena la mtu. Mkanda mgumu niliokuwa nao ulitosha nyuma tu. Mzee alijua. Alisema ataniletea mwingine, na mpaka siku hiyo mto utakaa barazani kwake, hautaingia kwenye ndege. Lakini mimi, kwa sababu kazi haitoki mlangoni kwangu nyuzi zikining'inia, niliukunja ule ukingo usio na mkanda nikaushona safi kabisa. Mtu akiuangalia atasema ndivyo ulivyotakiwa kuwa. Waliojua ni wawili, na mmoja wetu amekufa. Siku ile, binti analia sikioni mwangu, niliona haya kumtajia mambo ya mikanda. Nikamwambia Mungu awatie nguvu, nikakata simu. Nilipopata akili na kupiga tena, ilikuwa imezimwa. Mjukuu akamwandikia ujumbe, haukusomwa. Namba nyingine ya nyumba ile ninayo, lakini ni ya marehemu.

Nikiwa nasubiri simu ya binti ifunguliwe, nilimkumbuka sana marehemu, maana mtu asiyeweza kukaa hukumbuka akitembea. Alikuja hapa kambini Dzaleka miaka michache iliyopita, amebebwa na kabaza, baiskeli inalia kuliko mwenye baiskeli, na mapaja ya suruali yamejaa vumbi. Kwao ni Malawi, lakini ujana wake aliufanyia kazi Lubumbashi, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, cha migodini, bila aibu. "Mama, balinionyesha kwako. Banasema mashini yako inapita bashi." Nikamjibu inapita, turubai la hema nashona kila siku, yeye hema lake lina ukubwa gani? "Si ya hema. Ya kufunika ndege." Nikamtazama viatu. "Mzee, mwenye ndege hakuji huku na kabaza." Akacheka mpaka akashika meza. "Njo maana nilikuja na kabaza, Mama. Ile ndege inakula makuta yote, feza yote." Nikamuuliza inampeleka wapi. Akasema haimpeleki mahali, anapanda, anaangalia dunia, anarudi. "Unatokea hapa, unazunguka, unarudia hapa?" "Njo vile." "Basi ni wazimu." "Mke wangu naye anasema vile vile," akajibu, "lakini yeye anasema na sauti ya juu kupita yako."

Nilimwona mpumbavu, sifichi. Mimi safari zangu zote nimefanya nyuma yangu kukiwa na kitu kinachonifukuza. Kutoka milima ya Fizi kushuka ziwani, kuvuka ziwa, kuendelea kusini mpaka hapa, sikumbuki hata hatua moja niliyoipiga ili nikaone tu palivyo. Mtu anayepanda juu kwa raha na kurudi kunywa chai yake alikuwa kwangu kama mtu anayejimwagia maji ya kunywa. Hata hivyo kazi ni kazi. Nilishona lile turubai, na siku ya kulivisha nikaenda naye kwenye kiwanja chao cha nyasi nje ya Lilongwe. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza, na naliandika hapa kwa sababu kosa la pili limetoka tumboni mwa hilo.

Mabawa ya ndege ile ni kitambaa, kitambaa kigumu kilichovutwa juu ya vyuma. Nikiwa chini ya bawa la kushoto napima turubai, nikaona mahali pamepasuka, urefu wa kidole. Sasa, kwetu fundi wa heshima akikuta tundu kwenye nguo ya mteja analiziba, na hasemi. Kusema ni kumwambia mwenzako amekuja amevaa matambara. Mama yangu alinifundisha hivyo, na mama yake alimfundisha hivyo: unaziba, unapiga pasi, unamrudishia mtu nguo yake na uso wake. Basi nikatoa sindano kwenye kilemba, nikashona mishono midogo midogo mizuri, mzee akiwa upande wa pili anafunga kamba. Nikarudi Dzaleka nimeridhika na nafsi yangu. Nilijiona mwema.

Baada ya siku nne akarudi. Safari hii hakucheka. Alikataa kiti, akasimama mlangoni, akaniuliza, "Mama, ni weye ulishona bawa yangu?" Nikasema ni mimi, na wala sidai kitu. Halafu akanieleza kwamba kabla ya kuruka huizunguka ndege yake yote akiigusa kwa vidole, na karatasi mkononi, anaisoma kwa sauti, kila mstari, ingawa miaka yote hiyo ameshaijua kwa moyo. Rafiki yake wa kanisani alikuwa ameshakaa kitini, amefungwa mkanda, anapiga picha. Vidole vya mzee vikakuta uzi wangu. Akamwambia rafiki ashuke.

"Kila fasi sindano inapita ni tundu," akaniambia. "Kulikuwa tundu moja. We ukanipatia makumi ine."

"Lakini niliifunga!"

"Uliifunga na macho yangu, Mama. Tundu ninaiona haiwezi kuniua, sababu sitapanda. Ile umenifichia na mikono mizuri, njo itaniua."

Nikaitoa sindano kilembani, nikaichomeka mezani. Bawa lilikaa chini majuma mengi mpaka wenye kazi hiyo walipolitengeneza. Aliendelea kuja kwangu. Hakuwahi kulitaja tena, wala hakuwaambia watu sokoni, na wateja wangu wamelisikia leo kwa mara ya kwanza, kutoka kwangu mwenyewe.

Kuruka alijifunzia Namibia, alikokwenda kupima ardhi kwenye machimbo. Alinisimulia jangwa la kule nikiwa nashona, na mimi nikijifanya sisikilizi. Alisema mchanga ule ukiuona kutoka juu ni kama kitambaa kilichotolewa kwenye beseni kikatupwa bila kukunjuliwa: mwekundu huku, rangi ya asali kule, kila mkunjo una kivuli upande mmoja. Uzuri wake ndio hatari yake. Hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna ng'ombe, kwa hiyo jicho halina cha kupimia. Mtu anadhani yuko juu sana, kumbe amebakiza kidogo agonge. Alikuwa na amri zake. Maji ya kunywa ya siku mbili, hata kama safari ni ya saa moja. Mafuta yakipungua theluthi, anageuza, hata kama mbele kuna uzuri gani. Na karatasi kwa mtu anayebaki chini: naenda wapi, napita wapi, ikifika saa fulani hamjaniona, mnitafute.

Siku moja jangwa lilimlewesha. Alikifuata kivuli cha ndege yake kinavyopanda na kushuka kwenye mchanga mpaka akajikuta pembeni ya mji mkubwa, mahali ndege za abiria zinaposhukia moja nyuma ya nyingine. Hewa ya hapo ina watu wengi, na kila mmoja anasema kwenye redio yeye ni nani, yuko wapi, yuko juu kiasi gani, anataka nini. Yeye hakusikia sauti hata moja, akafurahia utulivu. Kumbe redio aliiacha kwenye mawimbi ya jangwani, ambako hakuna anayesema. Watu wa mnara walimwita mpaka wakachoka. Ndege kubwa yenye watu ndani iligeuzwa kwa ajili yake. Aliliona tumbo la ndege hiyo likipita. Alipotua, hakuna aliyeijua sura yake. Angeweza kufunga ndege yake akaenda kula. Badala yake alitembea kwa miguu mpaka mnarani akagonga mlango, kofia mkononi. "Balikufokea?" nikamuuliza. "Balifoka sana. Kisha mukubwa wao akanipa chai. Akasema, ule anakuja kusema mwenyewe tunaweza kumupanga na bengine. Ule ananyamaza, hatujue tumuweke fasi gani."

Neno hilo limenisumbua zaidi ya mahubiri mengi. Tuangalieni sisi. Hapa Dzaleka tumepangana ukuta kwa ukuta, mtu akipiga chafya jirani anasema pole, lakini ni nani anasema yuko wapi na anakwenda wapi? Mama anaondoka asubuhi kwenda kuuza vitenge Mtandire, ukimuuliza anakujibu, "Niko nafika hapa tu." Akizidiwa na ugonjwa huko, nani atajua barabara ya kumtafutia? Mwanamume anafunga begi kwenda kusini, mke wake anapata habari kwenye foleni ya maji, kwa wanawake wengine, ambao nao walikuwa wanamfichia kwa huruma. Kila moyo hapa uko barabarani. Kila siku mtu anasubiri aitwe, aandikwe, apelekwe. Tumekuwa watu wenye viatu miguuni hata tukiwa kitandani. Na katika haraka hiyo hatusemi. Mtoto ana homa, ni uchovu tu. Ukuta una ufa, tunaning'iniza kalenda. Waswahili wanasema mficha uchi hazai, nasi tunaitikia kwa kichwa halafu tunavuta nguo juu ya magoti.

Situkani ukimya wetu. Kuna milima ambako kumwambia mtu njia unayopita ilikuwa ni kumpa maiti yako. Mimi na wanangu tuko hai kwa sababu niliwaziba midomo kwa kiganja. Lakini ukimya ni kama sindano nene ya turubai: ina kazi yake na mahali pake, ukiitumia kwenye hariri umeharibu. Tangu mzee anisimulie yale, nimebandika karatasi nyuma ya mlango wangu, kila anayetoka anaandika aendako na saa ya kurudi. Wajukuu wanacheka. "Muangalie, Koko amekuwa mnara." Wacheke. Waandike kwanza, ndipo wacheke.

Basi mtu aliyeyajua yote hayo, aliyefundishwa na marehemu mwenyewe mlangoni pake, ndiye huyo huyo aliyekata simu Jumatano bila kusema. Alhamisi nikaomba karatasi ya kutoka kambini, nikaipata ya siku inayofuata. Nilishona sare tatu nikazifumua zote tatu. Nilipika maharage nikayasahau motoni. Kila nilipojaribu kukaa niliuona ule ukingo niliokunja, ulivyonyooka, na mwanamke kijana amekaa juu yake angani, anavuta fimbo, fimbo inakataa.

Ijumaa kabla ya saa sita nilikuwa Biwi, mtaa wao pale Lilongwe. Nyumba yao si kubwa. Wanaume walikuwa nje na jiko la nsima, ugali wa hapa, ya wafiwa, wanawake ndani, sakafuni, wameegemea kuta, na mjane katikati amefunika kichwa kwa kitenge. Tangu mumewe afariki alikuwa amekaa chini vile vile juu ya saruji. Nikavua viatu, nikapiga magoti, nikatoa rambirambi kama inavyotakiwa. Binti alikuwa pembeni ya mama yake, macho yamevimba, na ule mto ameupakata. Niliposema nina neno la mto, dada wa mjane, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisa, akanikata. "Agogo, zikomo, asante kwa kuja. Mambo ya ushonaji tutaongea kisha maliro." Wanawake wakaguna kukubali. Maliro ni msiba, na msibani watu wanasema mema. Hata mimi ningemnyamazisha mtu kama mimi.

"Kisha maliro atakuwa ameshapanda," nikasema. "Mto huu haujaisha. Una mkanda mmoja, ilitakiwa miwili. Mbele hakuna kitu. Ukiingia kwenye ndege hivi utateleza, utashika fimbo."

Binti akaugeuza mto, akapitisha vidole kwenye ukingo. "Koko, hapa ni pazima. Pameshonwa."

"Nilipashona ili pasionekane. Ni mimi."

"Papa alijua?"

"Alijua. Alisema hataruka nao mpaka alete mkanda."

Akaniinulia macho yale yaliyovimba. Nimetazamwa na watu wenye bunduki, lakini macho yale yalinishinda. "Nilikuita Jumatano," akasema polepole. "Nilikuambia nitakalia huu mto. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza. Niliona haya, wewe ulikuwa unalia."

"Kwa hiyo ningekufa juu ya haya yako!"

Yule dada wa mjane mwenye sauti ya kanisa alitazama mlango. Nilikuwa nimebeba sindano na kipande cha mkanda niliokata kwenye begi langu la safari, lakini sikuthubutu kuvitoa. Mkanda wa begi si mkanda wa ndege, na kama ningeanza tena kuwapa watu marekebisho ya huruma, ningekuwa sikujifunza kitu. Ndipo mjane akafunua kichwa. Mwanamke huyu hakuwahi kuipenda ile ndege, na mimi alinijua kama fundi wa wazimu wa mume wake. Akanyoosha mkono, akauchukua mto mapajani mwa binti yake, akauweka juu ya saruji, akaukalia. Akasema kwa Kichewa chao, pole pole, na dada yake akanitafsiria bila kuulizwa: "Huu utakaa na mimi hapa chini." Kisha akamwambia binti aniletee maji ya kunawa, nile.

Jumamosi binti aliruka. Alikaa kwenye kiti kitupu. Alitutangulia kwa gari, na sisi wa miguu tulikuwa bado njiani kutoka makaburini aliposikika, kindege kikapita juu mara moja, chini kiasi cha kuona rangi ya mabawa, kikageuka upande wa kiwanja chake. Watu wote walipunga mikono. Mimi nilisimama pale barabarani mpaka mmoja wa waumini wao akapigiwa simu kwamba ametua salama, ndipo nikaanza kutafuta gari la kurudi Dzaleka. Hajanipigia simu tangu siku ile, na simlaumu. Sikwenda Biwi kutafuta kupendwa.

Marehemu alikuwa na haki ya kuandikwa na mtu aliyesoma kuliko mimi, anayejua majina ya vyombo na vipimo. Mimi nina hili moja nililoondoka nalo, na nalitoa kwenu wenye wagonjwa mnaowafariji kwa uongo, wenye waume mnaowafichia safari, na nyinyi mafundi wenzangu mnaojivunia mishono isiyoonekana. Kama una neno ambalo mtu atalihitaji akiwa njiani, mpe kabla hajaondoka. Mpe hata akiwa analia, hata kama wewe ndiye utakayeaibika, hata kama nyumba nzima itakugunia. Haya ya fundi huisha siku chache, nami ya kwangu bado ninayo, inaniwasha, sijapata kukaa vizuri. Nitakaa tu. Lakini aliyekwisha kuondoka ardhini humfikii kwa kumpigia kelele.